Mtu Asiyejua Kuhubiri

Siku waliyoniaga kazini, mwenyekiti wa sherehe aliniomba niwape vijana nasaha. Nilishika kipaza sauti nikaanza kueleza namna ya kufunga fimbo za chuma za kuchimbia kisima bila kuharibu meno yake ya kuungia. Sikufika mbali. Mtu wa jikoni alimnong'oneza mwenyekiti kwamba pilau inapoa, mwenyekiti akanishukuru kwa maneno mazito niliyokuwa bado sijayasema, na watu wakapiga makofi. Kwa hiyo nasaha zangu naziandika hapa, ambapo hakuna pilau.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki na mtambo. Habari za vyeo sitazigusa, kwa kuwa niliingia fundi na nimetoka fundi. Habari za mshahara pia nitaziacha, maana waliokuwa wakiusubiri pamoja nami wamekwisha kuzisema zote. Nitasimulia kazi, na watu wawili walioniongoza katika kazi hiyo, mmoja akiwa na kipaji na mwingine hana.

Nilifika yadini kwetu Isevya, Tabora mjini, nikiwa na cheti cha ufundi mitambo ndani ya bahasha na ovaroli mpya niliyoipiga pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe. Idara ya maji ya kanisa wakati huo ilikuwa na mtambo mmoja wa kuchimbia, lori la kuubeba, kompresa ya kuupa hewa na wanaume waliozoea kufanya kazi bila mwanamke kati yao. Msimamizi aliitazama bahasha yangu, hakuifungua, akanikabidhi sufuria. Alinieleza kwa upole kwamba kambi inaondoka kesho kwenda Ipole, na mpishi wao ameolewa.

Nikaenda Ipole nikapika. Watu wamesema kwa miaka mingi kwamba niliharibu chakula kwa makusudi. Si kweli. Nilipika kwa bidii yangu yote, na matokeo yake yakawa ugali ulioungua pembeni na kubaki mbichi katikati, jambo ambalo wenye ujuzi wanasema ni gumu kulifanya. Haukupita muda mrefu, Mzee Ramadhani, fundi mkuu wa mtambo, akanijia jikoni na sahani yake mkononi.

"Mwanangu," akasema, "nasikia una cheti cha mitambo. Njoo ukitumie kabla hujatumaliza."

Ndivyo nilivyoingia katika ufundi.

Mzee Ramadhani alikuwa mtu wa Tabora mjini, Mwislamu wa swala tano, na alilitumikia kanisa letu muda mrefu kuliko mchungaji yeyote ninayemkumbuka. Adhuhuri ikifika alisogea kando ya mtambo, akatandika mkeka, akaswali, akarudi kazini. Hakuna aliyeona ajabu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka grisi meno ya kila fimbo hata kama jua linaunguza na watu wanalalamika kwamba tunachelewa. Alinifundisha nisisimame chini ya fimbo inayoning'inia, awe ameniita nani. Na alinifundisha kusikiliza. Nyundo ya mtambo, ile ya kwenye ncha ya fimbo, ikiwa kwenye mwamba mzima hulia kwa sauti kavu. Ikigonga ufa, sauti inalegea, na hapo unatazama vumbi linalotoka. Vumbi likilowa unanyamaza kimya, kwa sababu ukishangilia mapema kijiji kizima kitafika na ndoo, na huenda ni unyevu tu.

Katika safari zetu alipenda kutueleza kwamba barabara tunayopita, lori liliirithi kwa wachukuzi wa misafara, na kwamba babu yake mkubwa alibeba pembe za ndovu katika njia hiyo mpaka pwani. Alisema mbele ya msafara alitangulia kirangozi, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, akipigiwa ngoma. Lakini wachukuzi walipoumwa miguu hawakumtegemea yule wa manyoya. Walimtegemea mtu aliyetembea nyuma kabisa, akiwaokota walioanguka. Sijui kama ni kweli. Mzee Ramadhani alikuwa na babu kwa kila somo.

Nilipokuwa nimeshakomaa kazini, na Mzee Ramadhani akiwa anakaribia kustaafu, akaja Mhandisi Gervas.

Alitujia akiwa na shati jeupe ambalo, kwa namna nisiyoielewa hadi leo, halikuchafuka. Nisimpunje: alikuwa na kipaji cha kweli. Wengine walibeba kile chombo cha kutafutia maji kwa kupima umeme ardhini wakazunguka nacho siku nzima, kisha wakachagua mahali pakavu. Gervas alitembea tembea kijijini, akatazama miti gani imeota wapi na miamba imelala vipi, akapima kidogo kuthibitisha, halafu akachomeka kijiti chini. Tulichimba pale, na maji yakatoka. Ilitokea mara nyingi kiasi kwamba ilikuwa vigumu kuiita bahati.

Vijijini wakaanza kumwita nabii wa maji. Mwanzoni alilicheka jina hilo, baadaye akaacha kulicheka. Akaanza kusema "nimeonyeshwa mahali" badala ya "nimepima mahali". Kabla ya kuwasha nyundo aliongoza sala ndefu mno, huku kompresa ikinguruma pembeni na kunywa dizeli. Naamini Mungu alimsikia tangu dakika za mwanzo, lakini Gervas hakupenda kufanya mambo nusunusu. Maji yalipofumuka aliingia katikati ya akina mama, akalia nao machozi ya kweli. Video zikasambaa kwenye simu za waumini, na ofisi kuu ikafurahi.

Kila Jumatatu asubuhi tulikuwa na ibada yadini, na somo lake alilolipenda lilikuwa uongozi wa kimungu. Alifundisha kwamba Mungu hatazami kipaji, anatazama tabia. Alifundisha kwamba kiongozi ni yule anayewaosha wenzake miguu. Alifundisha vizuri kiasi kwamba mtu mzima ungejikuta unafuta macho. Baada ya somo hilo tulimwoshea gari.

Msaidizi wake alikuwa Bwana Kulwa, mtu wa Nzega, aliyesomea yaleyale aliyosomea Gervas. Bwana Kulwa alipochagua mahali pa kuchimba, Mzee Ramadhani aliniambia niandae fimbo nyingi na subira nyingi. Mara kwa mara alikosa. Sala yake ya kufungua kazi naikumbuka yote, kwa kuwa haikubadilika: "Mungu, tunaanza kazi. Tulinde vidole. Amina." Zamu yake ya somo la Jumatatu ilipofika, watu walichagua mapema viti vya nyuma vyenye ukuta wa kuegemea. Alisoma mistari, akaifafanua kwa kuisoma tena, akakaa.

Alikuwa na jambo moja tulilolizoea mpaka tukaacha kuliona. Tulipokosa maji, yeye ndiye aliyewaendea wanakijiji siku ileile na kuwaambia. Hata kama kijiti kilichomekwa na Gervas. Maana kipaji kile nacho kilikosea mara mojamoja, na siku hizo Mhandisi alikumbuka kwamba ana kikao Tabora, akaondoka na gari dogo. Bwana Kulwa alivua kofia, akakaa na wazee kwenye vigoda, akasema tumechimba, ni pakavu, tunaondoka, samahani. Walimtukana yeye. Ikawa kana kwamba maji yanatoka kwa Gervas na ukavu unatoka kwa Kulwa.

Basi ilipofahamika kwamba mkurugenzi wa idara anaondoka, hapakuwa na mjadala yadini kuhusu nani atakayeshika nafasi. Mzee Ramadhani peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini jina la Kulwa halitajwi. Tulicheka, tukidhani ametania.

Wakati huohuo tukapata kazi katika kijiji kimoja cha mbugani, upande wa Igunga. Jina sitalitaja, wenyewe bado wapo. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Akina mama walichimba mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu, wakateka kwa vikombe, na ng'ombe wakisubiri zamu nyuma yao. Kamati ya maji ya kijiji iliongozwa na Mama Minza, mama mnene wa maneno machache, aliyelima mpunga na kufuga, na ambaye wanaume walimsogezea kigoda bila kuambiwa. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanitazama ovaroli, akaniuliza kama mimi ndiye mpishi.

Gervas akatembea, akatazama, akachomeka kijiti. Tukachimba. Sauti ya nyundo ikalegea, vumbi likalowa, na safari hii hakukuwa na haja ya kunyamaza. Maji yalipanda juu ya mtambo, mengi, meupe, ya baridi. Mimi ni fundi, nimeyaona maji mengi, lakini kikongwe mmoja alipopiga magoti akayakinga kwa mikono miwili, ilinibidi nijifanye natafuta spana.

Siku zilizofuata tuliliweka bomba, tukajenga sakafu, nikafunga pampu ya mkono. Ofisi kuu ikapanga uzinduzi mkubwa. Askofu mwenyewe angekuja kuubariki mradi, na sote tulijua kwamba palepale, mbele ya kijiji na kamera, angemtangaza Gervas kuwa mkurugenzi.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Sampuli ya maji ilikuwa imepelekwa maabara Tabora, na majibu hayajaja. Ukanda ule wa Igunga kuna visima ambavyo maji yake yana madini ya floridi kupita kiasi. Huyaoni, huyasikii kwenye ulimi. Unayaona miaka mingi baadaye kwenye meno ya watoto, yakigeuka rangi ya chai, na kwa wengine kwenye mifupa ya miguu. Bwana Kulwa alishauri uzinduzi usubiri. Gervas alimuuliza mbele yetu imani yake iko wapi. Akayanywa maji yale, kikombe kizima, akatabasamu. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mchana wa kuamkia uzinduzi, turubai lilikuwa limesimama, kwaya inafanya mazoezi, mbuzi wamefungwa kando wakisubiri bila kujua. Askofu alikuwa amefika Nzega, angeingia kijijini asubuhi. Mtandao wa simu pale ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya kambi, na ndipo Bwana Kulwa alipokuwa amesimama alipopigiwa na maabara. Nilimwona akisikiliza. Aliteremka polepole, akaingia kwenye hema la Gervas, nami nilikuwa nje ya hema hilo nasafisha zana, kwa hiyo nilisikia yote.

Alimwambia kwamba floridi imepita kiwango, tena kwa mbali. Maji hayafai kunywewa.

Gervas akaanza kusema kwa sauti ya utulivu, ileile ya Jumatatu. Alisema askofu yuko njiani. Alisema wageni wamealikwa, na jina la kanisa liko rehani. Maji ya siku moja hayamuui mtu. Wazindue kesho, na keshokutwa, mambo yakitulia, wanakijiji wataambiwa wayatumie kwa kufulia na kunywesha mifugo tu.

"Siku moja haitawadhuru," Bwana Kulwa akakubali. "Lakini wakishayanywa mbele ya askofu, nani atawaambia keshokutwa?"

"Wewe," Gervas akasema. "Si ndiyo kazi yako siku zote?"

Hakusema kwa ubaya. Nadhani hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu anayekumbusha ratiba.

Bwana Kulwa akasema, "Basi nitawaambia leo."

Gervas alitoka nje mbio, akaniona, akaniamuru mpini wa pampu usiguswe na mtu. Bila mpini pampu ni chuma tu, na alijua mwenzake atafikiria hilo. Kisha akarudi hemani kupanga atakavyomweleza askofu.

Nilikwenda kusimama kwenye pampu, na Bwana Kulwa akanijia pale. Akaniuliza mpini unafunguliwa kwa spana ipi. Nikamwambia nitaufungua mimi.

"Hapana. Wewe umekatazwa na mkubwa wako, na una watoto wanasoma. Nionyeshe spana tu."

"Na yeye si mkubwa wako pia?"

"Ni mkubwa wangu. Lakini mimi hakunikataza."

Nikampa spana. Katika miaka yangu yote kazini nimeinua mitambo, nimezamisha mabomba, nimewahi kushikilia kompresa isibiringike mtaroni. Hakuna kazi iliyonichosha kama kusimama mikono nyuma nikimtazama mtu aliyesoma chuo kikuu akipambana na nati moja. Aliizungusha upande wa kuikaza. Spana ikateleza, vifundo vya vidole vikachunika ngozi. Akaipiga tena, palepale, kwa bidii ya kusikitisha.

"Kushoto, Bwana Kulwa," nikasema. Huo ndio mchango wangu wote katika tukio lile, na ninauona si mdogo.

Mpini ukatoka. Akauweka kwapani kama mwavuli, akaenda kumwomba Mama Minza awaite watu. Wakaja, na kwaya nayo ikaja ikidhani ni mazoezi. Bwana Kulwa akasimama mbele yao na vidole vinavyotoka damu, akazungumza vibaya kama kawaida yake. Alisema maji yana madini. Alisema mtoto akiyanywa anapokua meno yataharibika, na baadaye mifupa. Alisema ameifunga pampu. Hakumtaja Mungu, wala hakumtaja Gervas, ambaye wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya umati na shati lake jeupe.

Mama Minza akauliza, "Mmejua lini?"

"Leo mchana."

"Na kesho mngetuambia?"

Nilimwona Gervas akitazama viatu vyake. Ilitosha Bwana Kulwa aseme neno moja tu la kweli, na ukurugenzi ungekwisha palepale.

"Nakuambia leo, mama," akasema.

Sijawahi kuona watu wakikasirika vile, na siwalaumu. Afadhali mtu asiyewahi kuonyeshwa maji kuliko aliyeonyeshwa kisha akanyimwa. Kikongwe aliyekuwa amepiga magoti siku ile aligeuka akaenda zake na ndoo tupu, na hilo lilikuwa gumu kulitazama kuliko matusi. Vijana wa sungusungu, walinzi wa kijiji, wakalaza matawi ya miiba barabarani. Wakasema mtambo hauondoki mpaka kijiji kipate maji, kwa sababu tukiondoka hatutarudi. Katika hilo walikuwa wameisoma idara yetu vizuri.

Gervas aliwaomba wamruhusu apite na gari dogo akamweleze askofu, nao wakamruhusu, maana walichokitaka ni mtambo. Sisi wengine tukabaki tumekaa chini ya lori. Hapo Bwana Kulwa akawaendea tena. Aliwaambia kwamba mtambo ule unasubiriwa na vijiji vingine vyenye kiu kama wao. Akawaomba wauachie uende, na yeye atabaki hapo kijijini mpaka wapate maji ya kunywa.

Mama Minza alimtazama, akatazama vidole vyake. "Ukitoroka?"

"Nitatoroka na nini? Gari limeondoka."

Nadhani hilo lilikuwa jambo la kuchekesha pekee alilowahi kusema hadharani, na sina hakika kama alikusudia. Miiba ikaondolewa. Tulipopita na lori alikuwa amesimama kando na mkoba mmoja, mpini bado uko kwapani.

Mjini tulikuta habari imeshafika, tena imefika ikiwa imepambwa. Uzinduzi, tukaambiwa, umeahirishwa kwa sababu za kiufundi, na sababu hizo zilikuwa Bwana Kulwa. Alikuwa ameaibisha kanisa kwa pupa na utovu wa nidhamu, badala ya kuwaachia wakubwa wachague wakati mzuri wa kusema. Simlaumu askofu sana. Alisikia upande mmoja, na upande huo ulikuwa na kipaji. Gervas akatangazwa mkurugenzi katika ukumbi wa mjini, palipokuwa na umeme wa uhakika. Jumatatu iliyofuata alitufundisha habari za utii. Mzee Ramadhani hakuwa mtu wa ibada zetu, lakini siku ile alikaa mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia atastaafu mwaka ule badala ya kungoja mwingine. Akanikabidhi spana zake.

Bwana Kulwa alibaki mbugani kwa kipindi kirefu. Ofisi ilimwita arudi, naye akajibu kwamba ameahidi. Akatembea na wazee kufuata ule mto mkavu, wakitafuta mahali pa kuchimba kisima kifupi kwa majembe, kwa sababu maji ya juujuu huwa hayajakutana na yale madini. Cha kwanza alikosa, maji yalikuwa ya chumvi. Cha pili kiliporomoka. Hapo kipaji chake kilikuwa kinafanya kazi kama tulivyokizoea. Cha tatu kilishika maji, akabeba sampuli mwenyewe kwa basi mpaka maabara Tabora, akalala mjini bila kupita ofisini, akarudi na majibu mazuri.

Nilitumwa mimi kufunga pampu. Nilimkuta amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, anapanga matofali na akina mama huku wanamtania kwa Kisukuma naye anawajibu. Ule mpini alinikabidhi mwenyewe, ukiwa umesuguliwa kutu. Hakukuwa na turubai wala kwaya. Mama Minza alisukuma pampu, akaonja, akatema, akaonja tena, akameza. Kisha akanivuta pembeni akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Huyu mtu wenu hajui kuhubiri kabisa. Tulimpa Jumapili moja, tukajuta. Lakini alikuwa hapa."

Aliporudi Isevya alipewa onyo mbele yetu wote, akalisikiliza akiwa amesimama, akaomba ruhusa ya kwenda kukagua kompresa. Gervas naye hakukaa sana. Shirika kubwa la Dar es Salaam lilisikia sifa zake likamchukua, na sisi tukabaki na idara ambayo kwa muda mrefu ilikuwa imezoea kumtazama mtu mmoja. Hapakuwa na aliyetaka kuishika ikiwa katika hali ile. Wakampa Bwana Kulwa aikaimu kwa muda wakati wakitafuta mkurugenzi anayefaa. Aliikaimu mpaka alipostaafu. Nafikiri mpaka leo bado wanatafuta.

Katika ukaimu wake tulichimba visima vichache kuliko zamani, na hatukukabidhi hata kimoja kabla ya majibu ya maabara. Video hazikusambaa. Mafundi waliacha kuhama. Akikosa maji alikwenda kusema mwenyewe, na baada ya muda nikaona hata nyinyi vijana mnakwenda kusema wenyewe mnapoharibu kitu, jambo ambalo wakati wa Gervas watu walikuwa wanamwachia Kulwa.

Mwaka jana, kabla sijaaga, kanisa liliandaa semina ya viongozi mjini Tabora. Kichwa chake kilikuwa uongozi wa kimungu, tabia kabla ya kipaji, na mgeni wa kufundisha alikuwa Mhandisi Gervas kutoka Dar es Salaam. Nilikwenda. Bwana Kulwa naye alikwenda, mzee sasa, akakaa karibu na mlango. Gervas alikuwa amenenepa kidogo na shati lilikuwa jeupe vilevile. Akafundisha, na ulimi wake ulikuwa haujapoa hata kidogo. Alipofika katikati akasema atatoa ushuhuda wa maisha yake.

Akasimulia habari za kijiji cha mbugani. Akasimulia simu ya maabara, na askofu akiwa njiani, na cheo kikiwa kinasubiri. "Tulisimama mbele ya ile pampu," akasema, "tukasema, heri aibu ya leo kuliko meno ya watoto hawa. Tukatoa mpini."

Kiswahili kina ukarimu wake. Ukisema "tukatoa", neno hilo linaenea mpaka linamfunika na aliyekuwa hemani. Watu waliguna kwa kuguswa. Walimu, wachungaji na wakuu wa idara waliandika kwenye daftari zao, na mama mmoja wa mbele alilia waziwazi. Gervas akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, akasema shahidi wake yupo, mwenzake wa enzi hizo, Bwana Kulwa. Bwana Kulwa akainuka nusu, akapunga, akakaa. Na ukumbi ulipopiga makofi, naye akapiga, kwa nguvu, kama mtu aliyependezwa.

Mimi sikupiga. Tulipotoka nilimfuata, na nikamwambia kwa hasira ambayo nilidhani imeshaniisha kwa uzee kwamba angesimama aseme. Angalau aseme nani alichunika vidole.

Alijibu akiendelea kutembea.

"Niseme ili iweje, Fundi Yunisi? Umemwona yule mama wa mbele alivyolia? Na yule mkuu wa shule alivyoandika? Kila mmoja wao ana pampu yake anayojua kabisa kwamba inampasa aifunge. Leo ameondoka amesumbuka. Yule bwana amewasumbua vizuri." Akavuka mtaro kwa uangalifu wa kizee. "Ningewasimulia mimi, wangelala."

Nilimsindikiza mpaka zilipo bajaji. Ni kweli, wangelala.